Jinsi ya kuacha ujuaji kazini: hatua ninazofuata mimi, fundi wa mashine za boti Kigoma

Naandika hii kwa sababu ya kitu nilichokisikia juzi gereji. Tumepokea kijana mpya, katoka chuo mwaka huu, ana mikono mizuri kabisa, spana anaijua, na siku yake ya tatu tu nikamsikia anamwambia mvuvi mmoja mtu mzima "mzee hiyo haiwezekani" na mzee alikuwa hata hajamaliza kueleza. Nikaacha nilichokuwa nafanya. Ile sauti naijua, kwa miaka kama minne ilikuwa sauti yangu mimi na iliwagharimu watu hela zao, kwahiyo nikamwita pembeni tukaongea, halafu usiku nikaona bora niyaandike yote niliyomwambia na mengine ambayo sikumwambia, labda kuna mtu huko alipo, ofisini, hospitali, shuleni, kwenye saiti ya ujenzi, anaumwa ugonjwa huu huu.

Sisi tuko Kigoma, mwisho wa reli, gereji yetu iko njia ya kwenda Kibirizi. Wateja wetu wakubwa ni wavuvi wa dagaa na zile boti za abiria zinazopanda vijiji vya mwambao kaskazini.

Kisa chenyewe ni hiki. Huku dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri, mwanga unawavuta dagaa wanapanda juu halafu wavu unanyanyuliwa. Sasa mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu mana ziwa lote linang'aa, dagaa wanatawanyika, kwahiyo wavuvi wengi siku za mbalamwezi wanapumzika, wanashona nyavu, wanasubiri giza. Ukimpotezea mvuvi usiku mmoja wa giza umempotezea hela ambayo haiwezi kurudi kesho.

Basi kipindi cha giza kikaja chombo kimoja, mashine ya hosipawa 40, nahodha wake mzee wa kama miaka sitini. Anasema mashine inawaka vizuri, wanatoka, wakifika mbali kidogo inakohoa, inazima, wakiiacha ikapumzika inawaka tena halafu inazima tena. Akamalizia kwa upole kabisa, "Fundi, mi nahisi mafuta yameingia maji, juzi mvua ilitukuta na dumu halikufungwa vizuri." Nikamjibu mbele ya vijana wake wote, "Mzee, mimi hii nimesomea, wewe vua dagaa."

Akanyamaza. Hakubisha wala hakufoka, alikaa tu kwenye ubavu wa mtumbwi mmoja uliogeuzwa pale nje akawa anaangalia ziwani.

Nikafungua kabureta nikasafisha, nikabadilisha plagi, nikaijaribu kwenye pipa la maji pale pale gereji kwa petroli yetu sisi, ikanguruma safi, nikaona kazi imeisha. Usiku wakatoka, ikazima, wakarudi kwa makasia. Asubuhi nikawaambia hamjui kuiendesha, mnaibana kabla haijapata moto. Nikaifungua tena, nikaijaribu tena kwa petroli yetu, safi. Usiku wa pili hivo hivo. Siku ya tatu dogo mmoja mwanafunzi wetu, wala hakuniambia mimi mana alijua nitamfokea, akachota mafuta kutoka kwenye dumu la mzee akayamimina kwenye chupa ya maji ya kunywa ile isiyo na rangi, akaiweka juu ya meza ya kazi, akaenda zake kunywa chai. Niliporudi nikaiona. Juu petroli yenye rangi ya oili, chini maji meupe kama vidole viwili hivi, na mstari katikati umenyooka kama umepigwa kwa rula. Nikaitikisa. Maji yakavunjika vipande vipande yakazunguka mle ndani kama gololi, halafu yakashuka moja moja, yakaungana, yakatulia chini kama mwanzo.

Usiku mbili za giza zimepotea, na vijana wote wa kile chombo wana familia, na jibu nilikuwa nimepewa bure dakika ya kwanza na mtu mwenye mashine yake. Kukosea kila fundi anakosea, hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua mpaka leo ni kwamba nilikosea nikiwa nimeshaambiwa.

Kabla sijaingia kwenye hatua niseme kitu kimoja. Watu wengi watakwambia acha kiburi, kuwa mnyenyekevu, jishushe, na ni maneno mazuri, ila hakuna anayekwambia kesho saa mbili asubuhi ukifika kazini ufanye nini. Mimi niligundua kwamba nikisubiri moyo wangu uwe mnyenyekevu kwanza nitasubiri mpaka nistaafu, kwahiyo nilianza na mdomo, masikio na mikono, moyo ukafuata nyuma taratibu, na kuna siku bado haujafika.

Pia usidhani ujuaji ni wa watu wabaya. Mwaka 1999 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Cornell kule Marekani, David Dunning na Justin Kruger, waliwapa watu mitihani ya mantiki na sarufi na kadhalika, halafu wakawauliza wanadhani wamefanyaje. Wale waliofanya vibaya kabisa, ambao kwa wastani kati ya watu mia walikuwa wamewazidi kama 12 tu, wenyewe walikisia wamewazidi 62. Hawakuwa wanadanganya. Ujuzi unaokufanya ufanye kazi vizuri ndio huo huo unaokuonyesha kwamba umeharibu, sasa kama hauna, utaona kwa jicho gani? Na wale waliofundishwa mantiki kidogo baadaye wakaanza kuona makosa yao wenyewe, hilo ndilo lililonipa moyo mimi.

Hatua ya kwanza: jihesabu siku tatu

Usibadilishe kitu chochote, hesabu tu. Mimi nilichana boksi la plagi nikaweka kipande mfukoni na kalamu, kila nikisema "najua", "hiyo haiwezekani", "si nilisema mimi", "wewe hujaelewa", au nikimkata mtu kabla hajamaliza, napiga mstari. Siku ya kwanza kufika saa sita mchana nilikuwa na mistari kumi na moja. Nilidhani nitakuta miwili mitatu.

Na ukipiga mstari andika pembeni umemkata nani. Hapa ndipo nilipoumia zaidi, mana nilikuta nimewakata wavuvi, wanafunzi, mama anayetuletea chakula, kijana wa kusukuma mkokoteni, lakini matajiri wenye vyombo sijawakata hata mara moja, hao nilikuwa nawasikiliza mpaka mwisho hata wakiongea pumba. Ujuaji una macho, unachagua wa kumkanyaga. Kwahiyo ukijiambia "mimi ndivyo nilivyo, naongea sana" jichunguze, kama mbele ya bosi unaweza kusubiri basi uwezo wa kusubiri unao.

Hatua ya pili: mtu amalize, halafu uliza kabla hujashika kitu

Hii ndio yenye faida kubwa kuliko zote na ukifanya hii peke yake umepiga hatua. Mtu akianza kueleza tatizo, mikono yako iwe mitupu, weka spana chini, au kama uko ofisini toa mkono kwenye mausi, mana ukiwa umeshika kifaa akili imeshaanza kutengeneza na haisikii tena. Akimaliza hesabu moja mbili tatu kimoyomoyo. Watu wengi, hasa wazee na wageni, jambo la maana wanalitoa mwishoni baada ya kunyamaza kidogo, yule mzee wangu suala la dumu alilitaja mwishoni kabisa.

Halafu uliza maswali. Mimi ninayo matatu na siyabadilishi: ilianza lini, kabla haijaanza kulikuwa na kitu gani kimebadilika, na wewe mwenyewe unahisi ni nini. Hilo la tatu lilikuwa zito kulitamka, mwanzoni lilikuwa linanikwama kooni mana niliona kama najivua nguo mbele ya mteja, atasema fundi gani huyu anamuuliza mgonjwa dawa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema hivo. Wanachofanya ni kukaa vizuri na kuanza kueleza vitu ambavyo usingeviona ungefungua mashine nzima. Mtu aliyelala na mashine ile miaka sita anaijua sauti yake kama unavyoijua sauti ya mtoto wako akikohoa chumba cha pili.

Karani wa ghala muulize kuli anahisi kwa nini magunia yanahesabika pungufu. Mwalimu mpya muulize mlinzi wa shule kwa nini watoto wa upande ule wanachelewa kila Jumatano, pengine ni siku ya mnada na yeye anajua. Nesi muulize mama mtoto ameanza lini kukataa kunyonya, na akijibu mwache amalize.

Hatua ya tatu: rudia ulichoambiwa

Kabla ya kuanza kazi mwambie mtu, "Kwahiyo umesema inawaka vizuri, inazima mkifika mbali, ikipumzika inawaka, na mvua iliwakuta juzi, ndio hivyo?" Ni sekunde kumi. Nusu ya mara atakwambia hapana, sio hivo, na hapo umejiokoa.

Watu wa ndege walijifunza hili kwa gharama kubwa sana. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife cha Hispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, wakafa watu 583. Kulikuwa na ukungu, mawasiliano ya redio yameingiliana, na rubani mkuu wa KLM akaanza kukimbiza ndege iruke kabla hajapewa ruhusa ya kuruka. Alikuwa mtu mzito, mkufunzi wa marubani wa aina ile ya ndege, picha yake ilikuwa kwenye matangazo ya kampuni. Nyuma yake mhandisi wa ndege akauliza kama ile nyingine imeshatoka kwenye njia, rubani akajibu kwa mkazo kwamba ndiyo, na yule mhandisi hakurudia kuuliza. Haikuwa imetoka. Baada ya pale dunia ya ndege ikabadilisha mambo mengi, lugha ya redio ikanyooshwa, maneno ya ruhusa ya kuruka yakatengwa yasitumike ovyo kwenye maongezi mengine, maelekezo yakawa lazima yarudiwe, na marubani wakaanza kufundishwa rasmi kumsikiliza mdogo, na mdogo kufundishwa kusema.

Mimi nikisoma kisa kile namuona yule mhandisi. Alikuwa na mashaka sahihi kabisa. Aliuliza akajibiwa kama mtu asiyejua kitu. Sasa jiulize wangapi hapo kazini kwako wana mashaka sahihi na wamenyamaza kwa sababu ya jinsi ulivyowajibu mara ya mwisho. Dogo wangu aliweka chupa mezani akaenda kunywa chai. Hakunyamaza kwa kutokujua.

Hatua ya nne: eleza kwa mdomo kile unachodhani unakijua

Hii ni dawa kali na unaifanya ukiwa peke yako. Kuna watafiti wawili wa chuo kikuu cha Yale, Rozenblit na Keil, mwaka 2002 walichapisha utafiti ambapo waliwauliza watu wanaelewa kiasi gani vitu vya kawaida vinavyofanya kazi, zipu, choo cha kuflashi, cherehani. Watu wakajipa alama nzuri. Kisha wakaambiwa, haya eleza hatua kwa hatua kinavyofanya kazi. Wakakwama, na walipoambiwa wajipe alama upya wakazishusha wenyewe bila kulazimishwa.

Nikajaribu kwenye kazi yangu. Kwa nini mashine hizi ndogo za tu-stroki petroli inachanganywa na oili? Hiyo nilieleza vizuri, ndani haina sehemu yake ya kukaa oili kama gari, kwahiyo kinacholainisha bearingi na pistoni ni ile oili inayopita pamoja na petroli, ukiweka petroli tupu unaiua. Nikajiambia mimi noma. Nikaendelea, haya, kwa nini mashine yenye maji kwenye mafuta inazima halafu ikipumzika inawaka tena? Nikakwama. Nikabaki nasema "kwa sababu ya maji", ambalo sio jibu. Ilibidi nikafungue bakuli la kabureta ya zamani nikaangalia, nikaona maji yanakaa chini kabisa mle kwenye bakuli na tundu linalonyonya mafuta nalo liko chini, kwahiyo wakati mwingine inanyonya petroli wakati mwingine inanyonya maji, ziwa likichafuka chombo kinatikiswa na maji yanatikiswa nayo. Miaka minne nalipwa kama fundi na kitu hicho nilikuwa nakisema tu.

Chukua kitu kimoja kwa wiki. Muhasibu, eleza ile fomula ya excel uliyoikuta inafanya nini hasa. Dereva, eleza breki ya upepo inavyoshika. Ukifika sehemu unasema "inafanya tu hivo", hapo hapo ndipo pa kwenda kuuliza.

Hatua ya tano: sema sijui, lakini usiiache uchi

"Sijui" peke yake inamtisha mteja na inakudhalilisha bila sababu. Iambatanishe na kazi: "Sijui bado, ngoja nicheki mafuta kwanza, saa nane njoo nikupe jibu." Na saa nane uwepo. Ukifanya hivo mara tatu nne watu wanaanza kukuamini kuliko yule anayejibu kila kitu papo hapo, mana wanajua siku ukisema najua, unajua kweli.

Hatua ya sita: acha njia ya kurudi

Hii siioni ikisemwa sana watu wakiongelea unyenyekevu, wanaishia kwenye tabia na maneno, ila kwangu hii ndio unyenyekevu wa mikono. Fanya kazi kama mtu ambaye anaweza kuwa amekosea. Kabla hujafungua piga picha na simu. Weka alama ya chaki kabla hujachomoa. Bolti zipange kwa mpangilio zilivyotoka. Usifute faili la zamani, lihifadhi kwa jina lingine. Usitupe kifaa kibovu mpaka kipya kifanye kazi siku mbili. Badilisha kitu kimoja kimoja ujue kipi kimeponya, sio unabadilisha plagi, unasafisha kabureta, unagusa waya, mashine inawaka halafu hujui umefanya nini.

Wa Kigoma mfano tunao mlangoni, MV Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwa ikafungwa kwenye maboksi, ikaletwa kwa meli mpaka Dar kisha kwa reli mpaka hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani 1915, jina lake wakati huo Graf von Götzen. Mwaka 1916 vita kuu ya kwanza ikawaelemea Wajerumani, wakaamua kuizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Mafundi waliopewa ile kazi wangeweza kuizamisha tu na kuondoka, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito ili isiliwe na kutu, kwamba pengine siku moja itahitajika. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua kutoka chini ya maji, injini ikakutwa bado inafaa, na 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba. Waliofaidi ile grisi hawakuwa walioipaka, hilo najua, lakini kila nikipaka grisi kwenye bolti ambayo nadhani haitafunguliwa tena, nawakumbuka.

Hatua ya saba: mdogo aongee kwanza

Kama wewe ni mkubwa wa watu, hata wawili tu, ukianza wewe kutoa maoni umeshafunga kikao, wote watasema kama bosi alivyosema. Sasa sisi mashine ngumu ikija tunaizunguka wote na anaanza aliyeingia kazini mwisho, kisha wa pili, mimi wa mwisho. Mwanzoni walikuwa wananiangalia usoni wanatafuta jibu ninalolitaka, kwahiyo nikaanza kuangalia mashine badala ya kuwaangalia wao. Inachukua muda, usikate tamaa wiki ya kwanza.

Jua na majina yao. Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 lilitoa orodha ya kufuata chumba cha upasuaji, na moja ya vitu vilivyomo ni kwamba kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani ajitambulishe jina na kazi yake, hata kama dakta bingwa yupo. Mtu ambaye jina lake limetajwa mara moja ni rahisi kufungua mdomo mara ya pili. Gereji kwetu tulikuwa na "we dogo" watatu, sasa kila mmoja anaitwa jina lake.

Ukiwa mgeni kazini

Hapa nitasema kifupi. Wiki mbili za kwanza tazama zaidi ya kuongea. Huko Gombe, hapo tu juu ya ziwa, marehemu Jane Goodall alifika Julai 1960 hana hata digrii, sokwe wakawa wanamkimbia, akakaa miezi anawatazama kwa mbali, na kabla mwaka haujaisha akamwona sokwe anavua mchwa kwa kutumia ujiti wa nyasi, wakati wasomi walikuwa wanafundisha kwamba kutumia na kutengeneza vifaa ni kazi ya binadamu. Ukikuta sehemu wanafanya kitu ambacho unaona ni cha kijinga, uliza "hii mlianza kuifanya kwa sababu gani?" halafu ndio uamue. Mara nyingine kweli ni cha kijinga. Mara nyingine kuna mtu aliumia pale ndio mana wanafanya hivo.

Usichanganye na kunyamaza

Kuna wanaosoma haya wakadhani nawaambia wainame, wakubali kila kitu, hasa kina dada walio kwenye kazi zilizojaa wanaume ambao hata sasa wanakatwa maneno kila siku. Hapana jamani. Ukijua plagi sio hiyo sema plagi sio hiyo. Ukiona dozi imeandikwa kubwa simamisha, uliza tena, na ukijibiwa vibaya uliza mara ya pili, mara ya tatu nenda kwa mwingine. Mwenye kujua akinyamaza kwa adabu watu wanaumia vile vile. Unachotakiwa kushusha ni sauti na haraka, ujuzi wako uache palepale ulipo. Mimi siku hizi nasema "naona hivi, kwa sababu hii na hii, wewe umeona kitu gani ambacho mi sijakiona?" na bado nashikilia ninachokijua mpaka nionyeshwe.

Na kama mjuaji ni bosi wako, usimkosoe mbele za watu hata kama una haki, mletee chupa. Yaani leta kitu kinachoonekana, kinachopimika, kiweke mezani mkiwa wawili, kiongee chenyewe.

Hatua ya mwisho: rudi kwa uliyemkosea

Hii niliifanya vibaya kwanza. Nilimpigia mzee simu nikamwambia tatizo limepatikana, lilikuwa maji, njoo uchukue mashine. Kama vile nimeligundua mimi. Akasema sawa, asante fundi. Nilipokata simu nikabaki nimeishika, dogo yupo pale kanisikia, akageuka akaendelea kufuta spana zenye mafuta kwa tambara.

Kesho yake asubuhi nikaenda mwenyewe Kibirizi. Mimi nilimtukana mbele ya watu, kwahiyo kuomba msamaha kwenye simu nikiwa peke yangu ilikuwa ni kujificha. Kina mama walikuwa wanatandaza dagaa kwenye chanja, vijana wake wote wapo wanakunja wavu. Nilikuwa nimepanga sentensi tatu na nakushauri na wewe usizidishe: nimefanya nini, kimekugharimu nini, narudisha nini. "Mzee shikamoo. Juzi ulinieleza tatizo ni maji nikakujibu vibaya mbele ya vijana wako, na ulikuwa sahihi. Nimewapotezea usiku mbili, hela ya ufundi na ya plagi hii hapa nairudisha." Usiweke "lakini" popote, usieleze kwamba ulikuwa umechoka, usiseme "kama nimekukosea", umemkosea.

Mzee akaitikia marahaba. Hela akaichukua akampa kijana wake mmoja akanunue mafuta. Kisha akaniuliza nilijuaje mwishoni kama ni maji, nikamwambia ukweli, ni mwanafunzi wetu, aliyaweka kwenye chupa. Akasema, "Mlete nimuone."

Nikarudi gereji nikampakia dogo kwenye bodaboda tukaenda wote. Wakasimama pale na mzee, akamwonyesha dumu, akamwonyesha kifuniko kilivyolegea, wakaongea muda mrefu, na mimi nikakaa kwenye ubavu wa mtumbwi nikisikiliza.